Chapa Iliyo Kifuani

  Leo twaomba dakika chache tutafakari pamoja jambo ambalo halizungumzwi kanisani mara nyingi. Ni habari ya nguo tunazovaa, na hasa nguo zile zenye jina la chuo au la shule kifuani.

Somo letu latoka katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 9, kuanzia mstari wa 36. Katika mji wa Yafa palikuwa na mwanafunzi mmoja mwanamke, jina lake Tabitha, ambaye pia aliitwa Dorkasi. Aliugua, akafa. Petro alipofika, wajane walisimama karibu naye wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi aliwashonea alipokuwa hai.

Ebu tuangalie jambo moja dogo hapa. Wajane wale walimjua aliyezishona nguo zao. Walilijua jina lake, na ugonjwa wake waliujua, na kifo chake kiliwaliza. Waliposhika kanzu mkononi waliuona mkono ulioishona. Sisi tuliovaa nguo asubuhi ya leo, ni wangapi kati yetu wanaoweza kumtaja aliyezishona?

Nendeni sokoni Lodwar, au katika vibanda vya Kakuma, mkatazame marundo ya mitumba. Mtaona fulana na sweta zenye majina ya vyuo vikuu vya Marekani na Uingereza. Kijana wa kwetu anachunga mbuzi milimani, naye amevaa fulana yenye jina la chuo ambacho hajakiona wala huenda asikione kamwe. Kwake yeye ile ni nguo ya bei nafuu inayokinga jua, basi. Lakini jina lile limesafiri mbali. Limetoka katika kiwanda cha nchi fulani, labda Bangladesh, labda Honduras, labda hata Athi River karibu na Nairobi. Limevuka bahari, likauzwa kwa bei nzuri katika duka la chuo, likavaliwa miaka michache, likafungwa katika robota, likashushwa Mombasa, likapakiwa kwenye lori hadi huku. Katika safari hiyo yote kila mmoja alipata chake: mwenye kiwanda, mwenye meli, mwenye duka, na chuo chenyewe kilichoruhusu jina lake litumike. Swali letu leo ni hili: Je, yule aliyeketi mbele ya cherehani, naye alipata chake?

Huku Turkana jambo la chapa halihitaji maelezo marefu. Kila ukoo una alama yake ya kuwachoma mifugo. Ngamia akionekana amepotea upande wa Lorugum, watu humtazama mwilini, wakajua ni wa ukoo gani. Chapa ile yampa mwenyewe haki: akimkuta ngamia wake katika kundi la mtu mwingine, anaweza kumdai. Lakini chapa yampa na wajibu pia. Ngamia wake akiingia katika shamba la mtama la jirani kando ya mto Turkwel, hawezi kusema, "Huyo simjui." Alama yamshuhudia.

Basi, nembo ya chuo ni chapa. Chuo kinapoipiga nembo yake juu ya fulana, kinasema mbele ya watu wote, "Hii ni yangu." Hakiwezi kupokea fedha za fulana ile kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kikamsukuma mbali aliyeishona, kikisema hakimjui. Ukidai haki ya chapa, uchukue na wajibu wake.

Tueleze kidogo jinsi kazi hii inavyokwenda, maana wengi wetu hatujapata kuelezwa. Chuo kikubwa cha ng'ambo hakishoni nguo. Kina jina, na jina ni mali. Hukipa kampuni ruhusa ya kulitumia jina hilo, nayo kampuni hukilipa chuo sehemu ya mauzo. Kampuni nayo mara nyingi haina kiwanda. Huagiza nguo kwa mwenye kiwanda katika nchi ambayo ujira ni mdogo. Mwenye kiwanda akiona kazi imemzidi, au bei imembana, humpa mwingine sehemu ya kazi. Hivyo kati ya chuo na fundi pana watu watatu au wanne, na kila mmoja humbana anayemfuata. Aliye mwisho wa mstari hana wa kumbana ila fundi.

Naye fundi hubanwa kwa njia tatu. Kwanza, kwa hesabu: apewa idadi ya vipande vya kumaliza kwa saa moja, na idadi hiyo huongezwa kila akiifikia, hata aogope kwenda chooni. Pili, kwa saa: meli inangojwa bandarini, basi aambiwa abaki usiku, na saa zile za ziada wakati mwingine hazilipwi kabisa. Tatu, kwa hofu: mkataba wake ni wa muda mfupi, na akipata mimba, au akiugua, au akijiunga na chama cha wafanyakazi, mkataba haurudiwi. Wengi wa mafundi hao ni wanawake vijana, wenye watoto na wazazi wanaowategemea nyumbani.

Msidhani tunasimulia hadithi. Tarehe 24 Aprili mwaka 2013, jengo lililoitwa Rana Plaza, huko Savar karibu na mji wa Dhaka nchini Bangladesh, lilianguka likiwa na viwanda kadhaa vya nguo ndani yake. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani. Benki iliyokuwa ndani ya jengo lile iliwaondoa watumishi wake. Washonaji waliamriwa warudi kazini kesho yake. Watu 1,134 walikufa. Wapendwa, wafanyakazi wa benki na washonaji waliziona nyufa zile zile. Tofauti ilikuwa nini? Washonaji hawakuwa na nguvu ya kusema, "Hatuingii."

Wala msidhani udhalimu wakaa Dhaka tu. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 1990 iliruhusu maeneo maalumu ya viwanda vinavyouza bidhaa nchi za nje, nayo Athi River ikawa mojawapo ya maeneo makubwa. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria iliyoziwezesha nguo kutoka nchi nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru, na viwanda vya kushona vikaongezeka upesi, Nairobi, Athi River na Mombasa. Makumi ya maelfu ya watu walipata kazi. Jambo hili ni jema, nasi twamshukuru Mungu kwa kila sufuria iliyopikwa kwa mshahara ule. Lakini mwezi wa Januari mwaka 2003, mara tu baada ya serikali mpya kuingia, maelfu ya wafanyakazi wa viwanda hivyo waligoma. Walilalamikia ujira mdogo, saa za ziada za kulazimishwa, matusi ya wasimamizi, na kuzuiwa kujiunga na chama. Hao ni wananchi wenzetu, katika barabara ya Mombasa, wala si watu wa mbali.

Baadaye Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 41, ilitamka kwamba kila mfanyakazi ana haki ya malipo yanayofaa, mazingira ya kazi yanayofaa, na haki ya kujiunga na chama. Kwa hiyo tunapouliza habari za mshonaji hatuombi sadaka. Twauliza habari ya deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Maandiko Matakatifu hayana shaka juu ya deni hili. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, Mungu aliwakataza Waisraeli kumwonea kibarua aliye maskini, akawaagiza wampe ujira wake siku ile ile kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake waungoja. Tena agizo hilo lamhusu ndugu na mgeni sawasawa. Mtume Yakobo, katika sura ya 5, anaeleza kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo humfikia Bwana wa majeshi. Angalieni basi: mshonaji anaweza kunyamazishwa na msimamizi, lakini mshahara wake uliodhulumiwa haunyamazi. Walio na masikio huusikia hata katika nguo iliyokunjwa vizuri dukani.

Sasa tuje kwenye habari njema, maana ziko. Katika miaka ya tisini wanafunzi wa vyuo vya Marekani walianza kuuliza swali la wajane wa Yafa: Ni nani aliyeshona nguo hii? Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Duke kiliandika kanuni za kuyafunga makampuni yanayotumia jina lake, na vyuo vingine vikafuata. Lakini wanafunzi waliona upesi kwamba kanuni ni karatasi. Makampuni yaliwatuma wakaguzi wao wenyewe, nao wakaguzi walitembezwa viwandani kama wageni wa harusi: sakafu imefagiwa, milango i wazi, wafanyakazi wamefundishwa la kusema. Ndipo mwaka 2000 kikaundwa chombo kiitwacho Worker Rights Consortium, kisichotegemea fedha za makampuni hayo, kuwasikiliza wafanyakazi wenyewe, mara nyingi nje ya kiwanda, mahali ambapo msimamizi hasikii.

Tazameni matunda yake. Nchini Honduras, kampuni ya Russell ilikuwa na kiwanda kilichoitwa Jerzees de Honduras. Wafanyakazi wake wakaunda chama, na mwezi wa Januari mwaka 2009 kiwanda kikafungwa. Watu 1,200 walibaki bila kazi. Kampuni ilisema ni shida za biashara tu. Uchunguzi ulionyesha kwamba chuki dhidi ya chama ilikuwa na sehemu kubwa. Wanafunzi waliwaendea wakuu wa vyuo vyao, na karibu vyuo 100 vikaiondolea Russell ruhusa ya kutumia majina yao. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo kampuni ilikubali kufungua kiwanda kipya, kuwaajiri tena wafanyakazi wale 1,200, na kukiheshimu chama chao.

Hapa twaomba mwelewe vizuri. Wafanyakazi wa Honduras hawakusema, "Wasiwepo wenye viwanda." Walisema, "Turudishieni kazi yetu, na haki yetu iwe ndani yake." Kwa hiyo anayesikia kwamba kiwanda fulani kinadhulumu, kisha akakimbilia kwingine bila kusema neno, ameosha mikono yake kama Pilato. Mshonaji amepoteza na kile kidogo alichokuwa nacho. Njia ya haki ni kubaki, kuuliza, kudai, na kuwa tayari kulipa sehemu yako ya gharama.

Na gharama ile ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2010 kilifunguliwa kiwanda katika Jamhuri ya Dominika, kikaitwa Alta Gracia, kikishona fulana za vyuo. Kiliwalipa mafundi zaidi ya mara tatu ya kima cha chini cha nchi ile, na chama chao kilikubaliwa tangu mwanzo. Ilikadiriwa kwamba mshahara ule uliongeza gharama ya fulana moja kwa senti 80 hivi za dola. Fikirini jambo hilo. Tofauti kati ya mtoto kwenda shule na kutokwenda, kati ya dawa na kukosa dawa, ilikuwa chini ya dola moja katika fulana ambayo dukani iliuzwa kwa dola nyingi.

Lakini twajua kwamba wako wasikilizaji wanaosema moyoni, "Mchungaji, hayo ni ya matajiri. Sisi ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 umetumalizia mifugo. Mzazi anauza mbuzi ili amnunulie mtoto sweta ya shule, nanyi mwataka aulize habari za Athi River?" Swali hilo ni la haki, nasi hatulipuuzi. Mzazi anayeuza mbuzi wake hana mzigo huu. Mzigo ni wa yule mwenye jina, yule anayeandika zabuni na kutia sahihi: chuo, shule, dayosisi, kamati. Yeye hununua nyingi kwa mara moja, na mwenye kununua nyingi husikilizwa.

Basi tuwaeleze lililotokea karibu nasi mwaka huu. Wanafunzi wa chuo kimoja cha theolojia ambacho tunakihudumia walitaka fulana 120 na sweta 60, zote zenye nembo ya chuo, kwa ajili ya mahafali. Walipata bei mbili. Mfanyabiashara mmoja wa mjini aliwaahidi kuzileta katika majuma mawili, kwa bei ya chini, ila hakusema zinashonwa wapi. Kikundi cha mafundi cherehani cha Lodwar kilitaka shilingi 150 zaidi kwa kila fulana. Kwa fulana 120, tofauti ile ni shilingi 18,000. Kwa chuo ambacho wanafunzi wake wengine hulipa karo kwa kuuza mbuzi, hilo ni kundi dogo.

Wanafunzi walituuliza, "Wachungaji, tufanyeje?" Tuliwashauri wasichague bado, ila wawaulize wote wawili maswali matano yaliyo sawa. Nguo hizi zitashonwa katika nyumba gani, na nani? Fundi atalipwa kiasi gani kwa kipande au kwa siku, nasi tutaonaje kwamba amelipwa? Akishona usiku, usiku ule walipwa vipi? Je, yumo mkimbizi au mwanafunzi wa ufundi anayefanya kazi ile ile kwa malipo madogo kuliko mwenzake? Na fundi akiwa na malalamiko, aweza kumwambia nani bila kufukuzwa?

Swali la nne tuliliweka kwa makusudi. Kambi ya Kakuma ipo tangu mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa mwaka 2016. Tunajua sote kwamba kwa miaka mingi mkimbizi aliyefanya kazi kambini alipewa posho iliyoitwa insentivi, nayo ilikuwa ndogo kuliko mshahara wa Mkenya aliyefanya kazi kama yake. Watu walizoea. Lakini Torati ilimtaja mgeni katika mstari ule ule wa kibarua, maana Mungu alijua kwamba mgeni ndiye wa kwanza kupunjwa na wa mwisho kulalamika.

Mfanyabiashara wa mjini hakujibu hata swali moja. Alisema tu kwamba bei yake itaisha mwisho wa mwezi. Mafundi wa Lodwar walijibu, na jibu lao halikuwa zuri lote. Mama mmoja alisema kweli kwamba wasichana wanaojifunza kwao hutia vifungo na kukunja pindo kutwa nzima, wala hawalipwi kitu mpaka miezi sita ipite. Mnaona, wapendwa? Karibu na nyumbani si lazima pawe pa haki. Mshonaji wa jirani anaweza kudhulumiwa vilevile, na kwa sababu twamsalimu kila siku hatuoni.

Lakini aliyesema kweli anaweza kuzungumziwa. Wanafunzi na mafundi walikaa pamoja. Walikubaliana kwamba wasichana wale walipwe kwa kila kipande wanachokishika. Mafundi nao waliomba jambo moja: wapewe miezi miwili badala ya majuma mawili, na robo ya fedha mapema wanunue vitambaa, ili wasilazimike kushona usiku wala kukopa. Ombi lile lilitufundisha kwamba anayeagiza kwa kuchelewa, kisha akataka upesi, ndiye anayemkesheza fundi, hata kama hajawahi kumwona. Fedha hazikutosha kwa yote. Wanafunzi walipiga kura wenyewe: fulana mwaka huu, sweta zingoje. Watahitimu bila sweta, na asubuhi za Julai watasikia baridi kidogo. Wahenga walisema, cha kuazima hakisitiri maungo. Na nguo yenye ujira wa mwenzako ndani yake ni cha kuazima, tena bila ruhusa.

Na sasa kazi imekwisha? La. Hapa sisi wa Lokiriama tuna fundisho la kuwapa walimwengu. Mwaka 1973 Waturkana wa Kenya na Wamatheniko wa Uganda walikutana mahali hapa, wakafanya mapatano ya amani baada ya kuibiana mifugo na kuuana kwa muda mrefu, wakazika silaha ardhini. Mapatano mangapi yamefanywa katika nchi hizi, yakavunjika kabla mvua haijarudi? Haya yametajwa kwa heshima hadi leo. Kwa nini? Sababu moja ni kwamba watu hurudi. Mwaka kwa mwaka, mwezi wa Septemba, wazee, vijana na viongozi wa pande zote mbili hukusanyika hapa Lokiriama kuyakumbuka, na kuulizana: Je, bado tumo katika neno letu? Mahali palipokosewa, pasemwe.

Ndivyo ilivyo na ahadi ya haki kazini. Kanuni iliyoandikwa mara moja na kufungiwa katika faili ya mkuu wa chuo ni kama mapatano ambayo hakuna anayeyarudia. Chuo kirudi. Mwaka ujao wanafunzi wale waende tena kwa mafundi, wawaulize wasichana, wala si wakubwa peke yao: Mlilipwa? Mlilipwa kwa wakati? Na kama hawakulipwa, wasikimbie, wakae tena chini wazungumze.

Tunawaomba hasa ninyi mlio na majina ya kulinda. Turkana sasa ina chuo kikuu kishiriki mjini Lodwar, na shule zetu za sekondari zimeongezeka, na kila moja ina sweta, tai na fulana za michezo zenye nembo. Wakuu wa shule, wajumbe wa kamati, wenyeviti wa vikundi vya akina mama na vijana: kabla hamjatia sahihi chini ya bei ya chini kabisa, ulizeni imekuwaje ikawa chini hivyo. Mara nyingi mtu fulani ameilipa tofauti ile kwa usingizi wake, au kwa chakula cha watoto wake. Huwezi kuweka neno "Haki", au "Elimu", au msalaba wa Bwana, juu ya nguo iliyoshonwa kwa dhuluma, usiwe umelisema uongo mbele ya kila apitaye. Nabii Yeremia, katika sura ya 22, alimwonya mfalme aliyejijengea nyumba nzuri kwa kumtumikisha mwenzake bila ujira. Nyumba ilikuwa na madirisha makubwa na mbao za mierezi, lakini Mungu alitazama mikono ya wajenzi.

Nanyi mafundi mnaotusikiliza, mlioko Lodwar, Kakuma, Kalobeyei, na ninyi watoto wa Turkana mliokwenda kutafuta kazi katika viwanda vya Nairobi na Athi River: kazi ya mikono yenu ni kazi ya heshima. Mtume Paulo alishona mahema pamoja na Akila na Prisila, wala hakuona haya kuitaja kazi ya mikono yake. Kudai ujira wenu si utovu wa adabu wala ukosefu wa imani. Jiungeni pamoja. Mmoja akisema peke yake hufukuzwa. Wengi wakisema kwa amani na kwa ukweli, husikilizwa.

Wapendwa, tumalizie kwa kuomba.

Ee Mungu Baba, uliyewavika Adamu na mkewe kwa mkono wako mwenyewe, twakushukuru kwa nguo zinazotusitiri. Uwakumbuke walioketi mbele ya cherehani saa hii, walio karibu na walio mbali, ambao majina yao tumeyasahau nawe unayajua. Uwape ujira wao kabla jua halijatua. Uwape wenye vyuo na shule ujasiri wa kuuliza, na uvumilivu wa kurudi kuuliza tena. Na siku tutakaposimama mbele zako, asiwepo mshonaji wa kutushitaki kwa sababu ya nguo tulizovaa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.